Huyu Anashikwa na Nani? Kufundisha Kani kwa Kazi ya Kufunga Kiungo cha Tela kwenye Land Rover ya Zamani

Utangulizi

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hakuna mwalimu wa sayansi asiyefundisha kani na wenzo. Mara nyingi mafundisho hayo huanza kwa mchoro ubaoni na kuishia kwa fasili za kukariri: egemeo ni hili, mzigo ni huu, juhudi ni hii. Mwanafunzi huyaandika yote vizuri daftarini. Lakini akitoka nje ya darasa na kuliona tela limefungwa nyuma ya gari, haoni kwamba mchoro ule umesimama mbele yake.

Makala haya yana nia ya kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi kazi moja ya gereji inavyoweza kuwa somo kamili la kani. Tumechagua kazi ya kufunga kiungo cha kukokotea tela, yaani kile chuma chenye tufe kichwani kifungwacho nyuma ya gari. Gari tulilochagua ni Land Rover ya zamani yenye urefu wa inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa sababu magari ya namna hiyo yametumika miaka mingi katika shule, misheni, zahanati na mashamba ya Afrika Mashariki, na muundo wake huonekana wazi kwa macho.

Kazi hii si mchezo. Tela lililobeba mapipa ya maji au magunia ya mahindi likichomoka mlimani, hurudi nyuma bila dereva na bila breki, na kumkuta yeyote aliye njiani. Kwa hiyo tangu mwanzo mwalimu aweke kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kwamba anayefunga ni fundi. Wanafunzi huchunguza, hupima, huhesabu na kuuliza. Kanuni ya pili ni kwamba hakuna mwanafunzi anayeingia chini ya gari, hata kama limesimama juu ya magogo imara, na hakuna mtu yeyote, fundi akiwamo, anayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mchezo wa kuanzia

Somo lianze uwanjani. Wanafunzi kumi wapange mstari, kila mmoja akimshika kiuno aliye mbele yake. Wa kwanza ashike kamba, wa mwisho aukumbatie mti. Wenzao waivute kamba polepole mpaka mstari ukatike. Kisha mwalimu aulize: umekatika wapi? Wanafunzi wataona kwamba haukukatika kwa yule mwenye nguvu kuliko wote, wala si lazima ukatike karibu na kamba. Kani imepita mkono kwa mkono mpaka imefika penye mshiko dhaifu, na hapo ndipo ilipotokea.

Hapo mwalimu atoe swali litakaloongoza somo zima: Huyu anashikwa na nani? Swali ni jepesi, na mtoto yeyote aweza kuliuliza. Darasani mwalimu aandike ubaoni mnyororo wa gari: tela, kikombe cha tela, tufe, bamba la chuma, bolti, boriti ya nyuma ya chasisi, chasisi yenyewe, springi, ekseli, magurudumu, barabara. Kwa kila neno darasa liulize swali lile lile. Tufe linashikwa na nani? Na bamba. Bamba linashikwa na nani? Na bolti. Wasiachiwe kuruka hata neno moja, maana ajali nyingi hukaa katika neno lililorukwa.

Hatua ya kwanza: kuichunguza chasisi

Land Rover ilionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita vya 1939 hadi 1945, kwa hiyo watengenezaji waliamua kutumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Chasisi, hata hivyo, ilikuwa ya chuma cha pua: mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Muundo huo uliendelea katika magari ya inchi 109 yaliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ambayo baadhi yake bado yako barabarani.

Hapa pana fundisho kubwa. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini chuma cha pua hupata. Matope na maji yakiingia ndani ya sanduku la chasisi hukaa humo, na kutu huanza ndani, mahali pasipoonekana. Matokeo yake ni gari lenye bodi safi na mifupa iliyooza. Mtu anayelihukumu kwa rangi yake hudanganyika.

Wanafunzi wapewe sumaku ndogo. Waiguse kwenye bati la ubavu wa gari, kisha kwenye boriti ya nyuma. Mahali pa kwanza haitashika. Pa pili itashika. Kabla ya kueleza, mwalimu awaache wabishane kwa nini. Juma moja kabla ya somo wawe wameweka misumari katika vyombo vitatu, kimoja kikavu, cha pili chenye maji, cha tatu chenye maji ya chumvi, pamoja na kipande cha sufuria ya alumini ndani ya maji. Wakiyalinganisha waliyoyaona vyomboni na waliyoyaona kwenye gari, watajieleza wenyewe kwa nini gari lililofanya kazi pwani lastahili kuchunguzwa kwa uangalifu zaidi.

Kisha fundi agonge boriti ya nyuma na chasisi kwa nyundo ndogo, wanafunzi wakisikiliza kwa mbali. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholika hutoa sauti nzito iliyokufa, na pengine magamba ya kutu hudondoka. Fundi achokonoe kwa bisibisi penye mashaka. Bisibisi ikizama, kazi inasimama hapo. Kupaka rangi juu ya tundu hakurudishi nguvu ya chuma. Sehemu hiyo haina budi kukatwa na kuchomelewa nyingine na mtu aijuaye kazi hiyo.

Hatua ya pili: bolti na sanduku lenye uwazi

Kiungo hakifungwi kwenye bati la bodi wala kwenye bampa jembamba. Hufungwa kwenye boriti ya nyuma, tena kwa namna ambayo kani itagawanyika hadi kwenye nguzo mbili ndefu za chasisi. Hapo huja tatizo ambalo watu wengi hawalifikirii: boriti hiyo ina uwazi ndani. Bolti ikipitishwa kutoka upande mmoja hadi wa pili na nati ikakazwa sana, kuta za sanduku hukaribiana na kubonyea. Baada ya hapo bolti hulegea, hata kama ilikazwa kwa nguvu zote.

Jambo hili lionyeshwe kwa kiberiti. Kila kundi lipewe sanduku tupu la kiberiti, uzi mnene na vijiti viwili. Wapitishe uzi katikati ya sanduku, waufunge kwenye kijiti kila upande, kisha wakisokote kijiti kimoja ili kukaza. Sanduku litabonyea. Sasa wachukue sanduku la pili, waweke ndani yake kipande cha mwanzi chenye urefu sawa na upana wa sanduku, na uzi upite ndani ya mwanzi. Wakikaza safari hii, sanduku halibonyei, kwa sababu mkazo unabebwa na mwanzi. Fundi hufanya vivyo hivyo: hutia kipande cha bomba la chuma ndani ya boriti, na bolti hupita ndani ya bomba hilo. Chini ya nati huweka bamba nene au washa pana, ili mkazo usikusanyike mahali padogo. Kisha hupaka rangi ya kuzuia kutu katika kila tundu alilotoboa, maana tundu jipya ni mlango mpya wa kutu.

Bolti nazo si sawa zote. Juu ya kichwa cha bolti nyingi za vipimo vya milimita huandikwa namba mbili, kama 4.6 au 8.8. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutupa kani inayoweza kuikata bolti, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Bolti ya 8.8 huhimili nyutoni 800 kwa kila milimita mraba, na ya 4.6 huhimili 400 tu. Kwa macho ni mapacha, kwa kazi moja ni nusu ya nyingine. Wanafunzi wa darasa la sita hawahitaji kujua nyutoni ili waelewe jambo hili. Yatosha wajue kwamba kichwa cha bolti husomwa kabla ya kuaminiwa, na kwamba kisichoandikwa kitu hakifai kwa kazi ya kuvuta.

Katika kukaza, mwalimu apate nafasi ya kufundisha wenzo. Mwanafunzi asukume mlango wa darasa karibu na bawaba, kisha karibu na kitasa, aseme wapi pepesi. Spana ni mlango ule ule. Mkono ukisukuma kwa nyutoni 200 kwenye spana yenye urefu wa mita 0.4, bolti hupata mkazo wa nyutoni-mita 80. Spana ikiwa nusu ya urefu huo, mkazo nao huwa nusu. Kipimo sahihi huandikwa na mtengenezaji wa kiungo, na fundi makini hutumia spana yenye kupima mkazo. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, bolti zote hukaguliwa tena.

Hatua ya tatu: tufe na kikombe chake

Kikombe cha tela hukaa juu ya tufe na kulifumbata. Tufe lililo dogo kuliko kikombe huruhusu tela kuruka na kuchomoka gari linapopita kwenye shimo. Vipimo vinavyokutana barabarani hukaribiana mno: kile cha Ulaya ni milimita 50, vya Marekani ni pamoja na inchi 2, yaani milimita 50.8, na inchi moja na saba ya nane, yaani milimita 47.6. Jicho haliwezi kutenganisha milimita 50 na 47.6.

Hesabu yaweza. Wanafunzi wazungushe uzi katikati ya tufe, penye unene mkubwa kuliko kote, kisha waupime uzi huo kwa rula. Kwa kuwa mzingo ni kipenyo mara 3.14, tufe la milimita 50 litatoa uzi wa milimita 157, na lile la 47.6 litatoa uzi wa milimita 149 na nusu. Tofauti isiyoonekana sasa imekuwa milimita 7 na nusu, na mtoto yeyote anaiona. Hapo wanafunzi hupata sababu ya kuijua pai ambayo haikutoka katika kitabu cha mtihani. Kipimo cha kikombe nacho kwa kawaida huwa kimechorwa juu ya kikombe chenyewe. Viwili hivyo vilingane.

Hatua ya nne: mahali pa kuweka mzigo

Hata kiungo kilichofungwa vyema huweza kuleta hatari kama tela limepakiwa vibaya. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya ekseli ya tela, pua ya tela hutaka kunyanyuka na kuinua nyuma ya gari. Gari likienda kasi, tela hilo huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia, na kuyumba huko huongezeka mpaka dereva hawezi kulitawala.

Jaribio lake ni hili. Chukua fimbo iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 100. Pitisha msumari sentimita 60 kutoka mwisho wa mbele, uwe ekseli, na uuegemeze juu ya matofali mawili. Funga kijiwe kidogo mkiani mpaka fimbo ilale sawa peke yake, ili uzito wake usiingie katika hesabu. Sasa ning'iniza chupa yenye lita moja ya maji, ambayo ni gramu 1,000, mahali penye sentimita 6 mbele ya msumari. Pua ya fimbo ishikwe kwa mizani ya springi. Itasoma karibu gramu 100, kwa sababu 1,000 mara 6, gawanya kwa 60, ni 100. Chupa isogezwe hadi sentimita 12: mizani itasoma 200. Isogezwe sentimita 6 nyuma ya msumari: pua itanyanyuka, na mwanafunzi atalazimika kuisukuma chini kwa kani ile ile ya gramu 100. Awaachie wenzake nao waisukume kwa mikono yao, maana yale ambayo mkono umeyahisi hayasahauliki upesi.

Katika tela la kweli lenye kilo 750 pamoja na mzigo, sehemu moja ya kumi ikikaa juu ya tufe ni kilo 75. Marekani hupendekezwa asilimia 10 hadi 15. Ulaya kwa kawaida hutosheka na kiasi kidogo zaidi. Kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari na wa kiungo ndicho cha kufuatwa.

Kilo hizo 75 nazo zashikwa na nani? Tukichukulia kwamba tufe liko sentimita 100 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, basi gari lote ni wenzo, na ekseli hiyo ni egemeo. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni inchi 109, karibu sentimita 277. Tukizidisha 75 kwa 100 na kugawanya kwa 277 tunapata kilo 27. Hizo ndizo zilizopungua kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayoongoza gari. Ekseli ya nyuma imebeba kilo 75 pamoja na 27, yaani 102. Mzigo uliowekwa nyuma umepunguza uzito mbele. Kwa hiyo usukani hulegea tufe likibebeshwa kupita kiasi.

Hatua ya tano: taa

Tela hufunika taa za nyuma za gari, hivyo halina budi kuwa na zake. Taa moja ya ishara ya kona yenye wati 21 katika gari la volti 12 hutumia ampea 1.75. Upande mmoja wenye taa mbele na nyuma hutumia ampea 3.5; tela likiongezwa, huwa ampea 5.25. Kiwashio cha zamani kilichotengenezwa kwa taa mbili hubadili mwendo wake wa kuwaka na kuzima taa ya tatu ikiongezwa, kwa hiyo fundi hukibadilisha. Jambo la kusisitiza darasani ni waya wa kurudishia umeme. Ukikatika au ukipata kutu, taa huwaka ovyo na dereva wa nyuma husoma ishara ya uongo. Betri ya tochi, balbu na nyaya mbili zatosha kuonyesha kwamba umeme usiporudi haufanyi kazi.

Namba ndogo ndiyo itawalayo

Mwishoni darasa lipewe zoezi la kuamua. Tuseme gari limeruhusiwa kuvuta kilo 1,500, kiungo kilo 1,200, tela lenyewe kilo 1,000 pamoja na mzigo, na matairi yake mawili kilo 450 kila moja. Tela likiwa tupu lina kilo 250. Je, libebe magunia mangapi ya kilo 90?

Wanafunzi wengi watakimbilia 1,500, kwa kuwa ndiyo namba ya gari na gari ndilo lenye nguvu. Mwalimu asiseme kwamba wamekosa. Awakumbushe mstari wa uwanjani. Watarudi wenyewe kwenye matairi: 450 mara 2 ni 900. Toa 250, zabaki 650. Magunia 7 ni kilo 630. Magunia 8 ni kilo 720. Jibu ni 7, hata kama nafasi ya la nane ipo na mwenye mzigo ananung'unika.

Jibu la "tusifunge"

Tunapenda kumalizia kwa jambo linalohusu mbinu ya kufundisha zaidi kuliko gari. Masomo mengi ya kazi za mikono hupangwa kana kwamba mwisho wake umekwisha kujulikana: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kitu kimekamilika. Waraka wa Mwalimu Julius Nyerere wa mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea ulitaka shule isijitenge na kazi za jamii. Lakini kuileta kazi shuleni bila kuleta uamuzi wake ni kubadilisha kukariri kwa kinywa kuwa kukariri kwa mikono.

Kwa hiyo mwalimu aliandae somo hili akiwa tayari kwamba darasa laweza kufika kwenye chasisi, kusikia ile sauti iliyokufa, na kusema: tusifunge. Jibu hilo si kushindwa kwa somo. Mtoto aliyeweza kulisema mbele ya fundi, mwalimu na gari lililopakwa rangi nzuri, na akatoa sababu yake, ameielewa kani kuliko aliyeandika fasili kumi. Siku moja huenda yeye ndiye atakayeulizwa kama tela lipakiwe na watu wapande.

Maswali ya kupima somo

1. Taja kila kitu kinachopitisha kani kutoka kwenye tela hadi barabarani. Ni kipi kilicho rahisi kusahauliwa, na kwa nini?

2. Eleza, kwa kutumia kiberiti, kazi ya bomba linalowekwa ndani ya boriti.

3. Uzi uliozungushwa kwenye tufe una milimita 157. Kipenyo cha tufe ni milimita ngapi?

4. Mwenye gari anasema kwamba bodi ya gari lake haina kutu, kwa hiyo lafaa kuvuta tela. Mwandikie jibu la heshima katika mistari mitano.